Nkisi Huu au Nkisi Huyu?

Picha ilikuja na nyingine thelathini na tisa, kila moja na mistari yake miwili ya Kiingereza, nizitafsirie maelezo kwa ajili ya kitabu cha sanaa za Afrika. Zile nyingine nilizimaliza kwa siku tatu: vinyago, vigoda, ngoma, mlango wa Unguja wenye misumari ya shaba. Hii moja ilinikalisha wiki nzima.

Ni mtu wa mti. Mkono wa kulia ameuinua juu ya kichwa kama anayetaka kurusha mkuki, kinywa kiko wazi, macho ni vipande vya kigae cheupe. Toka shingoni hadi magotini kapigwa misumari, na si misumari tu: ncha za visu, kabari, vipande vya vyuma visivyo na jina, vingine vimefungwa matambara na nyuzi zilizogeuka rangi ya udongo. Kwenye kitovu pana tundu la mraba. Ndani hamna kitu. Maelezo yalisema ni fetishi, Kongo ya Chini, karne ya 19, mbao na chuma.

Nikaandika "fetishi", nikafuta. Nikaandika "hirizi", nikafuta. Nikaandika "sanamu ya kichawi", na hiyo niliifuta haraka kuliko zote.

Jumapili jioni nilikuwa na wageni barazani kwangu, Ngamiani, Tanga. Kahawa ilikuwepo, kashata zilikuwepo, nikaona nitoe kompyuta nje niwaonyeshe. Alikuwapo Maalim, jirani yangu, anayesomesha watoto wa mtaa chuoni. Mwalimu, mzaliwa wa Lubumbashi, ambaye ndoa ndiyo iliyomleta Tanga na Kifaransa ndicho kinachomlisha. Mama mkwe wangu, Mgiriama wa Kilifi, aliyekuja kumwona mjukuu. Na Binti, mpwa wangu, yuko mwaka wa tatu chuo kikuu na haachi kitu kipite hivi hivi.

MWALIMU: Unajisumbua bure, ndugu yangu. Neno lipo. Kwetu Lubumbashi, Likasi, Kolwezi, watu wanasema fetishi, na anayezitengeneza ni fetisheri. Au Kiswahili cha kwetu si Kiswahili?

MIMI: Ni Kiswahili, sijakataa. Ila nikuulize kitu, Mwalimu. Umewahi kumsikia mtu akisema "fetishi yangu"?

MWALIMU: (akacheka) Hapo umenikamata. Hapana. Fetishi ni ya jirani. Yangu mimi ni dawa.

Jibu hilo nililipita kwa kicheko. Ilituchukua saa mbili kurudi palepale.

BINTI: Na ndivyo neno lenyewe lilivyozaliwa, Mjomba. Ni neno la kumsemea mwenzako. Wareno walipofika pwani ya Guinea karne ya 15 walikuwa nalo tayari kwao, feitiço, wakiwasemea wachawi wa vijijini mwao. Mzizi wake ni Kilatini, kitu kilichotengenezwa kwa mikono, kisicho cha asili. Wakalibandika juu ya kila walichokiona kimefungwa, kimechongwa au kimetundikwa. Baadaye akaja Mholanzi mmoja, Willem Bosman, mfanyabiashara wa Elmina, akaandika kitabu mwaka 1704 akiwacheka watu wa pwani ile kwamba wanaabudu chochote wanachokutana nacho asubuhi. Mfaransa Charles de Brosses akakisoma, na mwaka 1760 akaligeuza neno kuwa jina la dini nzima, akisema ndiyo hatua ya kwanza ya akili ya binadamu. Yeye mwenyewe Afrika hakukanyaga.

MAMA: Hao Wareno misalaba yao nani aliichonga?

BINTI: Mafundi, Bibi.

MAMA: Kwa mikono?

Hapo Maalim alitia kahawa kikombe cha pili. Namjua: akitia cha pili ana hoja.

MAALIM: Mimi Wareno nawatazama kwa upande wetu huu. Ngome yao ya Mombasa walianza kuijenga mwaka 1593, na pwani hii wamekaa karne mbili na ushei. Maneno yao tunayo: meza, leso, bendera, gereza, karata, mvinyo. Hilo la feitiço mbona hatukulichukua? Kwa sababu lilipobisha hodi, kiti kilikuwa na mtu. Hirizi ilishakaa. Neno la Kiarabu, maana yake hifadhi, mahali palipojengewa boma. Mfasiri, andika hirizi, ukalale.

MIMI: Niliandika, Maalim, nikafuta.

MAALIM: Ulifuta kwa sababu hujaiona hirizi. Ngojeni.

Akavuka barabara kwenda kwake, akarudi na kitambaa cha mkononi kilichokunjwa mara nne. Ndani mlikuwa na hirizi ya marehemu baba yake, aliyoikuta kwenye kasha baada ya matanga. Kifuko cha ngozi ya mbuzi, ukubwa wa kiberiti, kimekuwa cheusi na laini kwa jasho la miaka. Mshono ulikuwa umeachia upande mmoja, na karatasi ilionekana. Aliivuta kwa kucha mbili, polepole, kama mtu anayetoa mwiba kwenye mguu wa mtoto. Jedwali la nyumba kumi na sita, kila nyumba na tarakimu yake, na kulizunguka, kwa herufi ndogo mno, Ayatul Kursi. Wino wa zafarani ulikuwa umefifia ukawa rangi ya chai. Hakuna aliyeigusa isipokuwa yeye.

MAALIM: Mimi sizivai wala siziandiki, na mnajua kwa nini. Masheikh wamegawanyika. Wako wasemao kilichoandikwa Kurani tupu hakina neno. Wako wasemao chochote unachokitundika ukakitegemea ni shirki, na mimi niko na hawa wa pili. Lakini hapa hatutoi fatwa, tunatafuta jina. Na jina la kitu cha kumkinga mtu ni hilo.

MWALIMU: Tatizo liko hapo hapo, Maalim. Hirizi inamkinga mtu. Imeshonwa kwa kipimo cha mkono wake, inalala naye. Huyu wa kwenye picha hamkingi mtu mmoja. Ni wa mji. Na hakai kukinga tu, anatoka kwenda kuwinda.

MAALIM: Anatoka? Huo si mti?

Sikujibu upesi, maana "anatoka" ilikuwa imenigusa mahali. Mwalimu hakusema "unatoka". Nikaandika pembeni mwa daftari: huu/huyu?

Mama mkwe alikuwa ameivuta kompyuta karibu yake. Haoni vizuri, akaweka uso karibu kabisa na kioo.

MAMA: Kwetu tuna fingo. Kaya haiwi kaya bila fingo. Limefukiwa katikati ya msitu, na wanaojua lilipo ni wazee wa kaya. Mimi ni mwanamke wa miaka hii na sijui lilipo, wala siulizi. Hilo ndilo linaloshika mji.

MIMI: Na Kiswahili cha huku nacho kina fingo, Mama. La kufukia mlangoni, au shambani mwizi asiingie.

MAMA: Basi andika fingo.

BINTI: Lakini fingo linafichwa, Bibi. Na huyu kasimamishwa watu wamwone.

MAMA: Kasimamishwa wapi? Hapo kwao au huko alikopelekwa?

MWALIMU: Hata kwao, Mama, alionekana. Ilibidi aonekane, maana mtu alikuja mbele yake kuapa.

MAMA: Hapo sawa, si fingo. Basi ni kama kigango. Kigango husimama. Na kigango hakiitwi hirizi wala fingo, kigango ni mzee. Mzee wa chama cha Gohu akifa, anachongewa mti, anasimamishwa hapo, anapewa tembo. Ukikiiba ukakiuza, hujauza mti, umeuza mzee wa watu.

Nani asiyejua habari ya vigango? Viliibwa mabomani kwa miaka, vikauzwa kwa watalii na madalali, vikaishia kwenye makumbusho ya Marekani. Mwaka 2023 Makumbusho ya Jimbo la Illinois yalirudisha 37 kwa Kenya. Lakini kilichonishika mimi ni sarufi ya Mama. "Kigango hakiitwi", akasema, ki- kama kiti na kikapu. Sentensi iliyofuata: "anachongewa", "anasimamishwa", "anapewa". Alihama ngeli katikati ya mdomo wala hakujikwaa.

Nikamgeukia Mwalimu, nikamwomba atueleze kitu chenyewe kabla hatujazidi kukipa majina ya kuazima.

MWALIMU: Mimi si wa kabila la Wakongo, ni Mluba, lakini Matadi kwao nimekaa miaka minne nikisomesha. Jina lake ni nkisi. Wingi, minkisi. Iko minkisi ya aina nyingi, mingine ni chungu tu, mingine mfuko, mingine kombe la konokono. Huyu mwenye misumari anaitwa nkondi. Konda ni kuwinda. Nkondi ni mwindaji. Wakuu wa miji miwili wakifunga mkataba, au mtu kaibiwa na mwizi hajulikani, wanakwenda kwa nganga, maneno yanasemwa mbele ya nkisi, kisha chuma kinapigwa mwilini. Kile kitambaa ulichokiona ni cha kumkumbusha shauri la nani ni lipi. Atakayevunja kiapo, nkondi atamfuata.

MIMI: Kwa hiyo kila msumari ni kesi.

MWALIMU: Kila msumari ni kesi.

MIMI: Basi mwili huo ni masijala ya mahakama.

MWALIMU: Mahakama na polisi wake. Na tumboni, pale penye tundu, ndipo palipokuwa na kazi yenyewe. Bilongo. Udongo mweupe, udongo wa makaburini, mbegu, mimea, vitu ambavyo majina yake yanashabihiana na kinachotakiwa kitendeke. Juu yake kinafunikwa kioo. Kinachofanya mti uwe nkisi ni kile cha ndani na maneno aliyosemewa. Mchongaji akimaliza kuchonga, hapo kuna mti tu. Nganga ndiye anayeumaliza.

BINTI: Nganga ndiye mganga wetu.

MWALIMU: Ndiye. Neno moja. Na sasa mnisikilize vizuri, hasa wewe Maalim. Mfalme wa Kongo alibatizwa mwaka 1491. Mapadri walipotaka kuisema dini yao kwa Kikongo, walitafuta neno la "takatifu". Mnadhani walichukua lipi? Kuna kitabu cha mafundisho kilichochapishwa Lisbon mwaka 1624, kwa Kireno na Kikongo. Kanisa lilikuja kuitwa nzo a nkisi. Nyumba ya nkisi. Padri, nganga. Maandiko, mukanda nkisi, kitabu cha nkisi.

Kimya. Maalim aliweka kikombe chini.

MAALIM: Hao hao walioita feitiço?

MWALIMU: Hao hao. Upande wa Kireno wa midomo yao, kitu cha shetani. Upande wa Kikongo, neno lile lile likabeba Biblia. Na wakati huo mapadri wengine wakiichoma minkisi huko vijijini.

MAALIM: Mapadri wa Kizungu.

MWALIMU: Usikimbilie hapo. Waliochoma minkisi si Wazungu peke yao. Mwaka 1921 Simon Kimbangu, Mkongo wa Nkamba, alihubiri watu waitupe, na wakaitupa kwa malundo. Wabelgiji wakamfunga miaka thelathini, akafia gerezani kwetu Lubumbashi mwaka 1951. Kwa hiyo kuikataa si jambo la kuletwa kwa meli tu. Watu walikuwa wanagombana nayo wenyewe.

Hoja hiyo naipenda kuliko zote zilizosemwa jioni ile, maana inaniondolea uvivu. Ni rahisi mno kuandika kana kwamba babu zetu walikuwa kitu kimoja, wamekubaliana, mpaka mgeni alipokuja kuwatukana. Hirizi ya babake Maalim imelala kwenye kitambaa cha mtu asiyeikubali na asiyeweza kuitupa. Wagomvi wa jambo hili wamo nyumba moja, pengine nguo moja.

BINTI: Na Mjomba, waliodharau nao waliogopa. Mwaka 1878, mjini Boma, mfanyabiashara Mbelgiji Alexandre Delcommune aliteka nkisi nkondi wa chifu Ne Kuko wakati wa ugomvi wa wafanyabiashara na machifu. Chifu akataka arudishiwe, akanyimwa. Leo uko Tervuren, nje ya Brussels. Kama aliamini ni gogo, angeling'ang'ania la nini? Alijua ameshika kitu kinachoutawala mji.

Kisha akatuletea Marx, kama nilivyoogopa. Kwamba mwaka 1867 naye aliliazima neno hili, akawaambia Wazungu wenzake kwamba wao ndio wenye fetishi, bidhaa zao, vitu walivyovitengeneza kwa mikono kisha wakavipigia magoti. Mama akauliza huyo Marx ni wa wapi. Mjerumani. "Amesema kweli," akasema Mama, na hapo tukaachana naye.

MIMI: Mwalimu, turudi mwanzo. Ulisema yako wewe ni dawa.

MWALIMU: Ndiyo. Na kwa Kiluba ni bwanga, wingi manga, na ni hivyo hivyo, ya kunywa na ya kufukia. Nenda Kinshasa leo, kichwa kikuume, uingie duka la dawa. Kwa Lingala utaomba nini? Nkisi. Mtu wa Kinshasa anameza nkisi ya malaria aliyoandikiwa hospitali, na neno ni lile lile la huyu mwenye misumari.

MIMI: Na sisi je? Dawa ya meno, dawa ya mbu, dawa ya viatu. Dawa ya deni kulipa. Dawa ya moto ni moto. Mtu akikuudhi unasema "dawa yake inachemka". Maji ya Kinjikitile kule Ngarambe yalikuwa dawa. Wajerumani walimnyonga Agosti 1905 na dawa ikaendelea kusafiri bila yeye mpaka vita ikaenea kusini nzima. Kikombe cha Babu wa Loliondo, mwaka 2011, shilingi 500 pale Samunge, foleni ya magari kilomita na kilomita, kilikuwa dawa, na aliyekitoa alikuwa mchungaji mstaafu. Na daktari mkuu wa nchi hii cheo chake mpaka leo ni Mganga Mkuu wa Serikali. Lugha yetu haikuwahi kuutenga mti wa hospitali na mti wa msituni. Waliotenga ni wanasheria: Sheria ya Uchawi ya mwaka 1928 inakushika na vifaa vya uchawi, Sheria ya Tiba Asili na Tiba Mbadala ya mwaka 2002 inakuandikisha mganga, na katikati yao yuko mzee mmoja na kibuyu kimoja.

Nilijiona nimeshinda. Binti hakuniacha.

BINTI: Mjomba, neno dawa ni pana kiasi kwamba halisemi kitu. Mwanafunzi wa darasa la saba ataona "dawa", atafikiri panadoli. Na kuna jambo jingine. Mwaka 2015 serikali ilipowapiga marufuku wapiga ramli, ilikuwa kwa sababu ya nini? Ya watu wenye ualbino waliouawa kwa ajili ya viungo. Na wauaji nao waliviita dawa. Neno hilo unalolisifu kwa upana wake lilikuwa na nafasi ya hayo pia.

MAALIM: Kweli. Neno lisije likamtakasa mtu.

MIMI: Lakini fetishi halikuwazuia pia.

BINTI: Sikusema uandike fetishi. Nasema usidhani umepata neno safi.

Hapo nilinyamaza, na nilipaswa kunyamaza. Sina jibu la kumnyang'anya hoja hiyo. Dawa ni neno linalouliza swali la pili: ya nini, ya nani? Wakunga wanalijua, wanasoka wanalijua. (Kwenye mpira wetu mambo hayo hayaitwi hata dawa, yanaitwa "ufundi", na kila timu kubwa inasemekana ina kamati yake. Lugha ikitaka kuficha kitu huchagua nguo za ofisini.) Ukiliacha dawa peke yake chini ya picha, umemwachia msomaji kujaza, na atajaza kwa alichonacho.

Jua lilikuwa limezama. Mama aliomba taa iwashwe, kisha akauliza swali ambalo sisi wasomi wanne hatukuwa tumeliuliza.

MAMA: Kwa nini tumbo lake li tupu?

Nilijibu kwa haraka kwamba labda dawa ilianguka, picha ni ya kitu cha zamani.

MWALIMU: Haikuanguka. Haianguki ile, inagandishwa kwa utomvu. Ilitolewa. Minkisi mingi mikubwa iliyoko Ulaya na Marekani iko hivyo. Mara nyingine aliyeitoa ni mnunuzi, anatafuta kilichomo. Lakini kuna mikubwa, ile waiitayo Mangaaka, ambayo watafiti wameona kwamba bilongo yake ilitolewa kwa makusudi, na wenyewe, kabla haijaondoka. Mtu anajua Mzungu anakuja kuichukua, kwa bei au kwa bunduki. Anaita nganga. Nganga anaondoa kilicho chake. Mzungu anabeba mti.

MAMA: (akaegemea ukuta) Wamefanya vizuri.

MAALIM: Kwa hiyo kwenye picha hii nkisi hayumo.

Alisema "hayumo". Maalim, wa shirki na tauhidi, ambaye saa mbili zilizopita aliuliza kama huo si mti. Nilimtazama, akaona nimeona.

MAALIM: Usiniandike vibaya. Nimesema hayumo. Sijasema alikuwamo.

Nikawasomea nilichokuwa nimeandika daftarini. Kwa Kikongo, nkisi na minkisi ni ngeli ya mti na miti, si ya mtu na watu. Na Kiswahili vivyo hivyo kingeuweka hapo: nkisi huu, minkisi hii. Sasa tazameni nani jirani zake katika ngeli hiyo. Mti, mto, moto, mwezi, moyo, mkono. Na mzimu. Mizimu hii, twasema, ingawa mzimu wa mtu ni wa mtu. Ni ngeli ya vitu ambavyo havikuzaliwa na mwanamke lakini havitulii. Kwa upande mwingine, watu wanne kati ya watano barazani, jioni nzima, wamesema "huyu", "anatoka", "hayumo". Nikiandika "nkisi huu", nimefuata sarufi ya wenyewe na ya kwetu. Nikiandika "nkisi huyu", nimefuata midomo. Ni ipi?

BINTI: Huu. Kwa sababu umetolewa dawa. Ungekuwa nayo ningesema huyu.

MWALIMU: Huyu. Mtu akifa humwiti "hiki".

MAALIM: Huu, na sitaki maswali.

MAMA: Mwanangu, huyo wa kwenye picha ni nyumba. Mwenyewe kahama. Nyumba unaiitaje?

Waliondoka saa tatu. Maalim aliichukua hirizi yake, akaikunja kwenye kitambaa, mara nne kama ilivyokuja, akaitia mfuko wa kifuani wa kanzu badala ya kuishika mkononi.

Usiku ule nilimwandikia mhariri. Nilimwambia fetishi liondoke, na nikamtajia sababu ya Mwalimu, kwamba ni neno ambalo hakuna mwenye nalo anayelisema kwa cha kwake. Nilimwambia hirizi ni ya mwilini, fingo ni la kufichwa, sanamu ni tusi kwa nusu ya wasomaji wetu na pambo kwa nusu nyingine. Nkisi libaki kama lilivyo, maana msomaji wa Kiswahili hashindwi na neno la Kibantu lenye n- mbele, na mganga wake anamjua tayari. Dawa liingie, lakini liingie mahali pake, tumboni. Kuhusu huu na huyu nakiri nimekwepa: nimeipanga sentensi hivi kwamba "yake" inafaa kote kuwili.

Alinijibu asubuhi kwamba nafasi iliyopo ni ya mistari miwili, na kwamba imetosha. Maneno tuliyokubaliana yalikuwa haya:

"Nkisi nkondi, mwindaji wa wavunja viapo. Kongo ya Chini, karne ya 19. Mbao, chuma, nguo. Dawa yake ilitolewa kabla ya safari ya Ulaya."

Hilo la mwisho, la kabla ya safari, niliongeza bila ushahidi juu ya kipande hiki kimoja. Siku ya tatu nikamwandikia tena mhariri, akalisahihisha. Sasa pameandikwa tu: "Dawa yake imetolewa."